Herufi Iliyoanguka Usifio

Niliingia nchi ya Usifio pambio likiwa linarudiwa mara ya tisa. Kiongozi wa sifa alisema "tena!" halafu "tena!", na mimi nilikuwa nimefumba macho tayari. Nilipoyafumbua, ile "tena" ya tisa ilikuwa imeniacha mbele ya lango la mawe meupe, kwenye mwanga wa rangi ya chai ya maziwa, viatu nimevishika mkononi. Kuhusu njia sina zaidi ya hapo. Anayetaka kuijua aimbe pambio mpaka mara ya tisa.

Langoni alikaa karani mwenye penseli sikioni.

"Bwana asifie!" akanisalimu.

Nikadhani amemeza herufi, kama wafanyavyo watu wenye haraka. "Bwana asifiwe," nikasema.

Akatoa penseli sikioni. "Rudia."

"Bwana asifiwe."

"Asifi-nini?"

"We."

"Mimi nini?"

"Sio wewe, kaka. Asifi-we. Ile 'we' ya mwisho."

Akaniangalia kwa huruma, akaandika huku akinisomea: "Mgeni. Ana kigugumizi cha W." Kisha akanifundisha taratibu, kama mtoto wa Sunday school. "Huku mtu akikwambia 'Bwana asifie', unajibu 'Aanze na mimi.'"

"Nani aanze na wewe?"

"Bwana! Asifie watu, na aanze na mimi. Ndugu yangu, huko kwenu hamna dini?" Akageuza ukurasa. "Haya, sifa zako."

"Mwaka wa tatu chuo, isimu ya Kiswahili. Sikumaliza."

"Kwa nini?"

"Kuna mtihani wa kauli ya kutendwa ulinishinda. Halafu kuna mbuzi aliyekutwa ofisini kwa mkuu wa idara."

Akaandika: *Hana.* Akanielekeza niende Uani kwa Mama Aikande, dobi wa majoho, kwa sababu wasio na sifa wote hukaa huko.

Uani ni nyuma ya Ukumbi, kwa hiyo ilibidi nipite Ukumbini kwanza. Ni jengo kubwa kiasi kwamba nyimbo za juzi bado zilikuwa zinazunguka kwenye pembe zake, zimechoka, zinatafuta pa kutokea. Mbele kabisa kuna kiti kirefu. Kwenye kiti hakai Bwana, maana Bwana haonekani; anakaa Msifiaji. Kazi ya Msifiaji ni kusifia kwa niaba. Mtu anaimba, Msifiaji anapandisha leso nyeupe, anasema, "Amekusikia, amependa," na hapo hapo yule mtu anakuwa mwepesi.

Sisemi mwepesi wa moyo. Visigino vinaachia sakafu. Ukisifiwa mara kumi unaelea urefu wa stuli. Ukisifiwa kila wiki, ndugu zako wanalazimika kukufunga kamba ya katani kiunoni na kukufunga kwenye benchi, la sivyo unaondoka na upepo wa dirishani. Siku ile Ukumbi ulijaa watu wanaoning'inia kwa juu, majoho yakipepea polepole kama nguo kwenye ndoto ya mtu aliyelala na homa. Walioko chini waliwatazama kwa wivu na kuwashikia kamba.

Sheria zao nilizisoma ukutani. Wimbo wa haraka: meno yasiyopungua kumi na mawili yaonekane. Wimbo wa taratibu: macho yafumbwe, ila jicho moja linaruhusiwa kubaki wazi kiasi cha unene wa sindano, ili mwimbaji ajue kama leso imepanda. Ni jicho gani, la kulia au la kushoto, Baraza linajadili mwaka wa kumi na moja sasa. Nilikaa kwenye kikao kimoja. Wa kulia walisema la kulia ndilo la heshima. Wa kushoto walisema la kushoto ndilo karibu na moyo. Mzee mmoja akapendekeza yafumbwe yote mawili. Alitolewa nje apunge upepo.

"Mgeni!" sauti ikaniita kutoka juu.

Nikainua kichwa. Kwenye dari kabisa, mgongo umegusa boriti, alikuwepo mtu mnene mwenye ndevu nzuri, amefungwa kwa kamba tatu. Alikuwa Gwamaka, mwimbaji mkuu wa nchi. Hajashuka mwaka wa nne. Uji wanampandishia kwa mti mrefu.

"Bwana asifie, kaka," nikamwambia.

"Ameshanisifia vya kutosha," akasema. "Hebu niambie. Sakafu ikoje?"

"Ya baridi kidogo."

"Eh! Ya baridi," akarudia, kama mtu anayekumbuka chakula cha mama yake. Akatikisa vidole vya miguu hewani.

Nikageuka nitoke, na ndipo nikaona maandishi. Yako juu ya mlango wa kuingilia, kwa ndani, herufi za chuma zenye urefu wa mkono. Watu hawayatazami kwa sababu kila mtu anaelekea kwenye kiti. Yalisomeka hivi: BWANA ASIFI E. Kati ya I na E palikuwa na pengo, na kwenye pengo mbayuwayu wamejenga kiota. Nikauliza mlinzi wa mlango pale palikuwa na nini. Akashusha sauti. "Lile ni Pengo Tukufu. Wataalamu wanasema ni mahali pa kuvutia pumzi kabla ya E."

Mimi isimu nimeikimbia, lakini haikunikimbia yote. Nilisimama pale mpaka mbayuwayu wakanizoea.

Mama Aikande nilimkuta amejikunja kwenye karai, povu mpaka viwikoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Wewe ndo mwenye kigugumizi?"

"Ndo mimi."

"Hamna shida, hapa Uani kila mtu ana lake. Shika hilo joho, kamua. Sio hivyo! Unalinyonga kama kuku."

Tukafua. Au alifua, mimi nikanyonga. Akanionyesha majoho ya wenye sifa yanavyochafuka mabegani, kwa utando wa buibui wa darini. "Bibi yangu alikuwa dobi hapa hapa," akasema. "Yeye alikuwa anafua magoti. Majoho yote yalikuja na vumbi hapa, magotini, mawili mawili. Mimi tangu nianze kazi sijafua goti hata moja. Nashangaaga, hivi watu wa zamani walikuwa wanaanguka ovyo?"

Jua la Usifio halizami. Linafifia tu, kama taa ya chemli iliyopunguzwa utambi, kisha linarudi. Lilipofifia tukakaa kwenye mawe, akanieleza habari yake bila kuulizwa, kama watu wanavyoelezana wakiwa na mikono iliyochoka.

Binti yake, Ndeshi, alikaa na uchungu wa kujifungua siku tatu. Siku ya tatu mkunga alitoka nje akasimama bila kusema kitu. "Mimi nikaingia nyuma ya karai hili hili, nikainama kwenye povu, nikasema: Ukiniachia huyu, nitakuja kwako ndani, nikuambie asante kwa mdomo wangu. Nimemaliza tu kusema, nikasikia mtoto analia. Wote wawili wazima. Mjukuu sasa hivi anakimbiza bata."

"Sasa si uende ukaseme?"

Akacheka kidogo. "Wewe kweli mgeni. Huruhusiwi kusema lako kule mbele mpaka upite usaili wa sauti. Nimeenda mara sita. Mara sita leso haijapanda. Unaweza kunisikia?" Akaimba mstari mmoja.

Jamani. Nampenda yule mama, lakini ile sauti ilikuwa kama bati linaburutwa juu ya bati lingine. Bata waliondoka.

"Umeona," akasema. "Na wa saba ndo mwisho. Mwanga ukirudi wananiita. Nikishindwa wa saba, wanafuta jina langu, na mlango ule sitauvuka tena mpaka nife. Mwenzangu, mimi hata sitaki anisifie. Nilimwahidi. Nitakufa nadaiwa asante?"

Nikainuka nikamsaidie kuanika. Majoho yalitundikwa kwenye kipande kizito cha chuma kilichofungwa kwenye nguzo, chenye ncha mbili kubwa chini na mgongo uliobonyea juu, pale kamba ya kuanikia ilipopita.

"Hiki nini, mama?"

"Hiyo M? Ya bibi yangu. Siku ya upepo mkubwa ilirushwa kutoka dirisha la Ukumbi, ikaanguka hapa uani, ikamkosa kichwa kidogo tu. Akasema ni M ya mama, basi tukaifanya ya kuanikia. Imara kweli."

Nikaifungua kwenye nguzo. Ilikuwa na urefu wa mkono. Nikaishika kwa mikono miwili, nikaigeuza juu chini.

Mama Aikande hakwenda shule sana, lakini alikuwa mwepesi wa akili kuliko Baraza zima. Akainama, akaichora W kwa kidole kwenye povu. Mbele yake akaandika ASIFI, nyuma yake akaandika E. Akasoma kwa sauti ya chini. Akasoma tena.

"Kumbe sio Yeye atusifie sisi," akasema. Kisha akakaa chini kwenye maji, na joho lake mwenyewe likalowa magotini.

Mimi nilitaka kukimbia pale pale nikaitundike, kwa kweli kwa ajili ya kuona sura za watu. Yeye ndiye aliyenizuia. "Nenda kwanza ukamwambie Msifiaji. Ni mtu mzima, tusimvizie."

Msifiaji, kwa jina Zabroni, nilimkuta chumbani kwake nyuma ya kiti, mkono wa kulia ameuzamisha kwenye beseni la maji ya moto. Kupandisha leso kutwa nzima kunaua kiwiko. Nikamweleza. Hakushangaa.

"Nilishaliona pengo lile nikiwa kijana," akasema. "Nikajiuliza. Halafu nikapewa leso, nikaacha kujiuliza."

"Basi turudishe herufi, mzee."

"Kijana, umemwona Gwamaka? Yuko juu pale kwa sifa, hana kingine kinachomshikilia. Ukimwondolea ghafla, nani atamdaka? Wewe?"

Nikabaki natazama mvuke.

"Na mimi je?" akaendelea, safari hii hakuwa anaongea na mimi. "Miaka ishirini na saba nawaambia watu 'Amekusikia, amependa.' Sijawahi kumsikia akisema. Nakisia tu. Naangalia kama mtu kavaa vizuri, kama analia kidogo, napandisha. Leso ikibaki chini, nakwenda kulala nawaza yule mtu. Yule dobi, kwa mfano. Mara sita. Unafikiri sijui anataka nini?"

"Basi mpandishie leso kesho, yaishe."

Akatoa mkono kwenye maji, akaukausha kidole kimoja kimoja. "Nikimpandishia naye ataelea. Yule ndiye mtu pekee hapa anayetembea chini."

Mwanga uliporudi, Ukumbi ulijaa. Mama Aikande aliingia na karai kichwani, kwa sababu alikuwa na majoho ya kupeleka, alisema, na hakuona sababu ya kwenda mara mbili. Chini ya majoho ilikuwepo herufi. Mimi nilikuwa nyuma yake. Tulikubaliana nitabaki na karai mlangoni, basi. Mengine hatukukubaliana, na hapo naomba radhi.

Akasimama mbele ya kiti. Msifiaji akaweka leso gotini.

"Aikande, dobi," karani akasoma. "Usaili wa saba. Wimbo wa taratibu."

Watu wote wakafumba macho na kuacha moja wazi kiasi cha sindano, na kila jicho lililokuwa wazi lilikuwa kwenye leso. Ukumbini hapakuwa na mtu anayeangalia mlango.

Mama Aikande akaanza kuimba. Bati juu ya bati. Juu wakaanza kucheka, kamba zikatetemeka. "Mama, huyo bata unamchinja?" mmoja akapaza sauti, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Leso ilibaki gotini. Msifiaji alikuwa amefumba macho yote mawili.

"Gwamaka!" nikanong'ona kwa nguvu. "Kaka! Daka!"

Nikaitoa herufi kwenye majoho nikairusha. Sijui kule kwetu ningeiinua vipi, lakini Ukumbini mle ilipanda kama jani. Gwamaka akaidaka, akaiangalia, akaangalia pengo, akaelea mpaka mwisho wa kamba zake, akaondoa kiota taratibu kwa mikono miwili akakiweka juu ya boriti, na kuitundika ile herufi kwenye msumari mmoja uliobaki. Alikuwa kichwa chini, miguu juu, kwa hiyo aliitundika anavyoiona yeye.

Chuma kiligonga ukuta. Watu wote wakageuka, kwa mara ya kwanza sijui tangu lini.

BWANA ASIFIME.

"Asifime?" karani akauliza.

"Asifime!" akasema mjumbe wa kulia. "Ni neno la kale. Lina kina."

"Kina gani, wewe? Ni tusi hilo!" akasema wa kushoto. Na wakaanza kugombana kweli, na mmoja alikuwa ameshapendekeza kamati.

Mama Aikande hakugeuka. Aliacha kuimba, lakini hakugeuka. Alimwambia Msifiaji, kwa sauti ya kuongea tu, ile ya karaini:

"Mzee, mimi sikuja nisifiwe. Weka tu leso hapo hapo. Nilikuwa nina neno langu na Yeye, ni dogo, nikishalisema nitaondoka."

Akapiga magoti. Ukumbi haukuwa umemwona mtu akifanya hivyo. Wengine walidhani ameanguka, na kijana mmoja akakimbia kumwinua.

"Mwache," akasema Msifiaji.

"Baba," akasema Mama Aikande, "asante kwa Ndeshi. Asante na kwa mtoto. Nilichelewa kwa sababu ya mlango."

Ilikuwa ni hayo tu. Hapakuwa na wimbo, wala hapakuwa na meno kumi na mawili. Nyimbo za juzi zilizokuwa zinazunguka pembeni zikatua. Mbayuwayu mmoja akarudi kwenye pengo lake, hakulikuta, akatua juu ya ile herufi. Herufi ilikuwa kwenye msumari mmoja. Ikaelemea upande, ikazunguka polepole mbele ya macho yetu wote, ncha zilizokuwa chini zikaja juu, ikatulia.

Kisha Gwamaka, aliyekuwa karibu nayo kuliko sisi wote, akasoma kama mtoto anayeunga silabi:

"Bwa-na. A-si-fi-we."

Akashuka kidogo, kiasi cha kiganja. Akashtuka, akashika boriti. Halafu akaachia. "Bwana asifiwe," akasema tena, na akashuka tena, hakuporomoka, alishuka kama mtu anayeshushwa na mwenye mikono mizuri. Aliendelea kulisema njia nzima mpaka chini. Nyayo zake ziligusa sakafu, na yule mtu mnene mwenye ndevu nzuri akalia kama mtoto. "Ya baridi!" akasema. "Jamani, ni ya baridi!"

Sitaki kudanganya kwamba wote walishuka. Wengine walikata kamba wakatoka dirishani, na nasikia bado wako huko juu ya vilima wanasubiri leso. Lakini wengi walishuka, mmoja mmoja, wanagongana, wanaombana radhi, hawajui magoti yanakunjwaje. Msifiaji Zabroni alishuka kwenye kiti chake kirefu, akapenga kamasi kwa ile leso, akaimba. Miaka ishirini na saba hakuwa ameimba. Sauti yake ilikuwa kama msumeno. Akaenda kupiga magoti kando ya yule dobi, bati na msumeno, na hapakuwa na aliyewasikiliza kwa sababu hakuna aliyekuwa anawaimbia watu.

Mama Aikande ndiye aliyeinuka wa kwanza. Akapita katikati ya watu, akaangalia majoho meupe yote yale yaliyogusa sakafu, vumbi magotini, mawili mawili, akaguna.

"Ona kazi hiyo," akaniambia. "Magoti yote haya. Na chuma changu cha kuanikia ndo hicho mmekipandisha ukutani." Lakini alikuwa anacheka, na akanipa karai nishike.

Sijui nililishika vipi. Niliposhusha macho mikono ilikuwa imeshika kitabu cha nyimbo, na kiongozi wa sifa alikuwa anasema "Amina!", pambio limekwisha. Watu wakaanza kukaa. Kaka mmoja wa benchi la nyuma akaniinamia begani.

"Bwana asifiwe. Aisee, umeimba vizuri leo. Una sauti, wewe!"

Nikatabasamu. Nikajisikia vizuri sana, kwa kweli. Halafu nikahisi visigino vyangu vinaachia sakafu, na nikashika benchi kwa mikono miwili.